Nyumba ya Mkunga Ilivyopungua

Mwaka wa elfu mbili na ishirini na tatu, kiangazi kilipokuwa kimekolea kiasi cha nguo kukauka kabla ya adhuhuri, stoo ilitoweka katika nyumba ya mkunga mstaafu. Mke wa mwanawe, aliyekuwa akiishi naye wakati mumewe yuko kazini mbali, alikwenda kuchukua mchele wa chakula cha mchana akakuta ukuta. Ulikuwa ukuta mzuri, uliopigwa plasta na kupakwa rangi ileile ya maziwa iliyopakwa kuta nyingine za ujia, wala haukuwa na ufa. Alisimama mbele yake na bakuli mkononi, kisha akarudi jikoni akachemsha viazi.

"Mama, stoo haipo," alimwambia mkwewe walipokuwa wakila.

"Stoo gani?" akauliza mkunga.

Basi ikajulikana ilikokwenda.

Katika mtaa ule jambo hilo halikuwa geni. Nyumba husimama juu ya akili ya mtu aliyeijenga. Akiisahau sehemu yake, sehemu hiyo huondoka. Mkunga alikuwa ameijenga yake chumba baada ya chumba, kwa miaka mingi ya kuzalisha wake wa watu, akiwasimamia waashi kwa sauti ileile aliyowasimamia wanawake wanaojifungua. Seremala wa mtaa wa nyuma alikuwa amepoteza roshani kwa namna hiyo, na mkewe akawa anaanika nguo kwa dada yake. Kilichobishaniwa hakikuwa kutoweka, bali sababu yake. Mtu akisahau kwa ugonjwa, hana lawama. Akisahau kwa kupuuza, yaani kwa kutojali tena vilivyo vya wenzake, hana budi kusimama mbele ya jamaa na majirani na kuomba radhi kwa sauti. Watu waliiona desturi hiyo kuwa ya haki, hasa tangu hospitali ilipopata mashine ya kutenganisha mambo hayo mawili.

Ndani ya stoo mlikuwa na cherehani ya mkaza mwana. Kwa cherehani hiyo alikuwa akishona sare za shule, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Binti wa mkunga, ambaye naye hakuwa amehama nyumbani, ndiye aliyekuwa mpimaji wa damu hospitalini, na mashine ilikuwa chini ya mkono wake. Ilikuwa na ukubwa wa kabati la vyombo. Jioni aliifunika kwa kitambaa safi, kama mama yake alivyokuwa akiufunika mzani wa watoto wachanga. Ilipima protini ambayo ubongo unaougua huivujisha hadi kwenye damu, kisha ikatoa namba. Namba iliyopita mstari ilikuwa ugonjwa wa Alzeima. Isiyoufikia mstari ilikuwa uzima. Mpimaji aliipenda kazi hiyo kwa sababu haikuhitaji kumtazama mtu usoni.

Alimtoa mama yake damu nyumbani, kwenye meza ya kulia.

"Mshipa wangu unajificha," alisema mkunga, akinyoosha mkono. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono mizito na laini. "Utafute pembeni. Ukichoma katikati utaniumiza bure."

"Najua kazi yangu, mama."

"Unajua. Nimezalisha nusu ya mtaa huu, na anayenitoboa leo ni niliyemzaa mwenyewe. Haya, toboa, usitetemeke."

Namba haikuufikia mstari. Mpimaji alifurahi tangu maabara hadi lango la hospitali. Hapo ndipo alipoikumbuka maana ya pili ya majibu yale, akaenda nyumbani polepole.

Kikao kilifanyika sebuleni. Alikuwapo mkaza mwana, aliyepotelewa na cherehani. Alikuwapo fundi baiskeli wa jirani pamoja na mkewe. Mkunga aliketi akiwa amevaa gauni la kutokea, kwa kuwa aliambiwa kuna wageni.

"Mama," alisema mpimaji, "damu nimeipima mwenyewe. Wewe ni mzima."

"Kama ni mzima, mbona hiyo stoo siikumbuki?"

"Hutaki tu kuikumbuka."

 Mkunga alikuwa mtu wa hospitali tangu ujana wake na aliyaheshimu majibu ya maabara kuliko maneno yake mwenyewe. Alisimama, akashika mgongo wa kiti.

"Mimi, mwenye nyumba hii, nimekosa," alisema. "Nimekiacha cha mwenzangu kipotee kwa sababu..." Akamgeukia bintiye. "Niseme kweli kwamba sikujali?"

"Sema, mama."

"Kwa sababu sikujali. Namwomba radhi mke wa mwanangu. Nawaomba radhi waliosikia. Nisilaumiwe zaidi ya kosa langu."

Mkaza mwana alitazama sakafu. Fundi baiskeli akakohoa, akasema, "Basi yameisha, mama yetu. Hata mimi nimeshasahau nilimwoa huyu kwa sababu gani."

"Kwa sababu baba yangu alikuwa na baiskeli mbovu," akasema mkewe, na watu wakapata pa kuchekea. Mkunga hakucheka. Aliuliza kama sasa ameruhusiwa kuketi.

Baada ya hapo bafu liliondoka. Walikwenda kuoga kwa fundi baiskeli, wakibeba sabuni na taulo, na mke wa fundi aliwatengea ndoo bila kuuliza neno. Kisha ukaondoka ujia, na chumba cha mkaza mwana kikawa kimebanana na jiko kana kwamba havijawahi kutenganishwa. Mkadiriaji wa kodi ya majengo alipita, akapima kwa futi kamba, akaipunguza kodi papo hapo. Huyo hakuhitaji damu ya mtu.

Mpimaji aliendelea kupima, na kila mara namba ilibaki chini ya mstari. Alitaka kuitisha kikao cha pili kwa ajili ya bafu, lakini mkaza mwana alikataa.

"Wifi, mimi radhi moja imenitosha. Sikulala siku ile."

"Si suala la kulala. Tukimwachia, atatumalizia nyumba."

"Mwangalie basi. Huyu ni mtu wa kutumalizia nyumba?"

Mpimaji alikuwa ameziangalia namba. Kwa hiyo akatunga dawa yake mwenyewe. Kila jioni alimketisha mama yake sebuleni akamwambia, "Taja vyumba." Mkunga alivitaja akiwa ameweka mikono magotini, kama mwanafunzi aliyekuja darasani bila kusoma. Sebule. Jiko. Chumba changu. Chumba chako. Chumba cha wifi yako. Chumba cha kuzalishia. Asichokitaja hakikuonekana asubuhi. Akikosa, binti hakumgombeza kwa ukali. Alisema tu, "Fikiri, mama, wewe si mgonjwa," na hayo yalikuwa mabaya kuliko ugomvi. Mkunga akaanza kuiogopa jioni. Jua likishuka alikwenda kugusa milango mmoja mmoja, akichezesha midomo.

Jioni moja alitaja sebule, akataja jiko, akataja vyumba vya kulala, akakwama. Mkaza mwana, aliyekuwa akichagua mboga, akaanza kumnong'oneza.

"Usimsaidie," akasema mpimaji.

"Chumba cha ku..." alianza mkunga. "Kile chenye taa kubwa. Walikuwa wakija usiku. Nilikuwa nachemsha maji." Akatazama mikono yake yote miwili, akaigeuza. "Nilikuwa nafanya nini na maji?"

Asubuhi chumba cha kuzalishia hakikuwapo. Mahali pake palikuwa na uwanja mtupu na jua. Kitanda cha chuma, mzani wa watoto, taa kubwa, vyote vilikwenda pamoja nacho. Watu wa makamo walikuja kutoka mtaa mzima wakasimama pale walipozaliwa, wakiwa na mifuko yao ya kazini, kisha wakaenda zao. Mpimaji naye alizaliwa katika chumba hicho. Alisimama muda mrefu kuliko wote, na siku hiyo alichelewa kazini.

Ndipo alipomwita daktari wa ubongo.

Daktari alikuja baada ya kazi, akaketi na mkunga, akamwuliza mambo madogo madogo: siku, mwezi, jina la kitu hiki na kile. Mkunga alimjibu kwa adabu. Alipokosa jibu, alimtazama bintiye, kisha akasema haraka, "Sikujali, daktari. Naomba radhi." Alisema hivyo kwa swali la mwezi, akasema hivyo kwa kijiko. Daktari aliacha kuuliza. Alimwomba mpimaji watoke nje, wakasimama uwanjani palipokuwa chumba cha kuzalishia.

"Huyu ni mgonjwa," alisema daktari.

"Majibu yanasema ni mzima."

"Majibu yanasema yuko chini ya mstari. Huo mstari umechorwa wapi?"

 Maabarani hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo. Mstari ulikuja ndani ya mashine, na mashine ilikuja ndani ya sanduku, pamoja na waya wake wa umeme.

"Ulichorwa mbali," akasema daktari. "Walikusanya watu, wakawapima damu, wakawapiga picha za ubongo, wakaona wagonjwa wanaanzia namba gani. Kazi nzuri. Ila karibu wote walikuwa watu wa rangi moja, wa nchi zao, wenye miili yao na figo zao. Mwili mnene kama wa mama, damu ni nyingi, protini ileile inaonekana kidogo. Figo zikichoka, namba inapanda bila ugonjwa. Kwa watu kama sisi mstari unaangukia wapi, hakuna aliyekwenda kutazama. Huenda ni palepale. Huenda ni chini zaidi. Mimi nikimtazama mama naona ni chini zaidi."

"Kwa nini hamkutuambia?"

"Tuliwaambia namba peke yake haitoshi, mtu atazamwe pia. Ilikuwa kwenye mafunzo."

Mpimaji alikumbuka mafunzo hayo. Yalikuwa ya alasiri, na alikaa nyuma.

"Dawa ipo?"

"Ipo. Haiponyi, inachelewesha. Ingevishikilia vyumba vilivyobaki, pengine miaka. Lakini haina faida mtu akishafika mbali, na bohari ya dawa haiitoi kwa mtu aliye chini ya mstari. Nimewaandikia juu ya wagonjwa wengine. Wananirudishia namba zao."

Daktari aliandika tena. Safari hii barua ilifika hadi kiwanda kilichotengeneza mashine, nacho kikamtuma mwakilishi wake kuja kujionea. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye viatu vilivyong'aa na mkoba wa ngozi, na hakuwa mtu mbaya. Alikaribishwa sebuleni, akanywa chai, akasifu chai. Alionyeshwa mahali palipokuwa stoo, uwanja uliokuwa chumba, na chumba cha mpimaji mwenyewe, ambacho kilikuwa kimebaki nusu, kitanda kikiishia kwenye magoti.

"Naona," alisema mwakilishi. "Naona kabisa, dada yangu, na pole sana. Lakini kuona si kipimo."

"Basi sogezeni mstari."

"Tungependa. Ili tuusogeze tunahitaji damu ya watu wa hapa ambao ugonjwa wao umethibitishwa."

"Huthibitishwa vipi?"

"Kwa picha ya ubongo."

"Mashine ya picha hiyo hapa hatuna."

"Basi kwa kipimo cha damu."

"Kipimo kinathibitisha walio juu ya mstari tu."

"Ndiyo hao tunaowahitaji," akasema mwakilishi.

"Huo ni mduara," akasema mpimaji.

"Ni utaratibu," akajibu kwa upole. Alitazama saa, akashukuru, akainuka. Mkunga, aliyekuwa ameketi akimtazama mgeni kuanzia viatu hadi kichwa, aligeuza macho kuelekea mlango wa mbele, akautazama kama mtu atazamavyo pazia la nyumba ya watu, na mlango ukaondoka. Mwakilishi alitokea dirishani. Alimpa mkaza mwana mkoba amshikie, akavuka mguu mmoja, kisha wa pili, akapokea mkoba, akawatakia mchana mwema. Baadaye walisikia kwamba taarifa yake iliandikwa vizuri, na kwamba iliitaja chai.

Tangu siku ile waliingia na kutoka dirishani. Fundi baiskeli aliwatengenezea ngazi fupi kwa mabomba, moja ndani, moja nje, akasema kuwa sasa wamekuwa watu wa kisasa, wanashuka nyumbani kama abiria. Mpimaji aliacha kumwambia mama yake ataje vyumba. Badala yake yeye ndiye aliyevitaja, kila jioni, kwa sauti, akitumaini kwamba neno likisikika litabaki. Halikubaki. Jiko liliondoka, kisha chumba cha mkunga na cha mkaza mwana. Nusu iliyobaki ya kitanda cha mpimaji nayo ikaondoka. Mwisho ilibaki sebule peke yake, na humo wakalala wote watatu, mkunga kwenye kochi refu, mawifi wawili kwenye mkeka.

Watu wa mtaa walikuwa na hofu moja, nayo walimwuliza daktari: je, akiwasahau watu, nao wataondoka? Daktari alisema hapana. Watu hawakujengwa kwa saruji. Watu hubaki, na hilo ndilo gumu.

Ilikuwa asubuhi mkunga alipoamka, akamwona bintiye akikunja blanketi, akamsalimia kama mtu amsalimiavyo mwenye nyumba aliyempokea.

"Umenitunza vizuri," alimwambia. "Mama yako yupo?"

"Yupo," akasema mpimaji.

"Mwambie nashukuru."

Mpimaji alikwenda kazini. Aliondoa kitambaa juu ya mashine, akaiwasha. Mstari ulikuwa palepale. Siku hiyo aliletewa damu ya mzee mmoja, na binti wa mzee alikuwa ameketi nje ya maabara akiwa na kitasa mkononi, kitasa cha shaba chenye skrubu zake, kilichobaki baada ya mlango kuondoka. Namba ilikuwa chini. Mpimaji hakuwa na ruhusa ya kuandika neno jingine, naye aliandika "chini ya mstari" kwa mwandiko wake wa siku zote. Kisha alitoka nje, akamkabidhi yule binti majibu.

"Kwa hiyo baba ni mzima?" akauliza yule binti. "Maana nyumbani wanamsubiri kwa kikao."

"Mstari huu haukuchorwa kwa damu ya watu kama baba yako. Msimsimamishe."

"Lakini majibu si yanasema..."

"Msimsimamishe, mdogo wangu. Mimi nilimsimamisha wangu."

Yule binti aliyatazama majibu, akamtazama mpimaji. Aliyakunja akayaweka pamoja na kitasa, akaenda. Mpimaji hakujua kama kikao kilifanyika au hakikufanyika.

Jioni alipita kwa fundi baiskeli, akamwomba yeye na mkewe waje. Walipanda ngazi ya mabomba wakaingia. Mkaza mwana aliwasha taa. Walikuwa watu walewale, katika sebule ileile, ila sasa hapakuwa na nyumba kuizunguka. Mkunga alikuwa kwenye kochi, miguu imefunikwa shuka. Aliwakaribisha wote kwa heshima, akiwaita wageni.

Mpimaji alisimama. Halafu akaona kusimama hakutoshi, akapiga magoti mbele ya kochi.

Mkunga aliinuka nusu, akanyoosha mkono upesi na kumshika bega. "Usipige magoti sakafuni, binti. Sakafu ni baridi. Uchungu umeanza saa ngapi? Huyu amekuja na nani?"

"Hazai, mama," alisema mkaza mwana taratibu. "Anaomba radhi."

"Kwa nani?"

"Kwako."

"Mimi?" Mkunga alimtazama vizuri yule mwanamke aliyekuwa chini. "Mimi huyu simdai kitu. Mwinueni."

Hakuna aliyemwinua. Fundi baiskeli alivua kofia.

"Mimi, mwana wa nyumba hii, nimekosa," alisema mpimaji. "Nilimwita mzima mtu aliyekuwa mgonjwa. Alipokuwa akipotelewa, nilimwambia hataki kukumbuka. Nilimsimamisha mbele ya watu aombe radhi ambayo haikuwa juu yake, na aliponiuliza kama aseme, nilimwambia aseme."

 Mkunga alimpigapiga bega, kwa mwendo wa mtu aliyezoea kuwasubiri watu wamalize maumivu yao.

"Pumua kwanza," alisema. "Na huyo uliyemkosea ni nani wako?"

"Mama yangu."

"Ah." Mkunga alifikiri. "Basi nenda kamwambie. Mama hawezi kukataa. Mimi nina binti, yuko maabara, ana kichwa kigumu kama jiwe. Akija kuniambia hivi hata hatafika magotini, nitakuwa nimeshamshika."

Mke wa fundi aligeukia ukutani. Mpimaji alipumua kama alivyoambiwa. Kisha, kwa kuwa maneno yalikuwa hayajaisha na desturi huyataka yote, aliyasema yaliyobaki.

"Namwomba radhi mama yangu. Nawaomba radhi waliosikia. Nisilaumiwe pungufu ya kosa langu."